Tisa Hadi Moja: Kushona Macho Mapana na Macho Madogo

Aliyewahi kukaa ufukweni na mvuvi anayetengeneza juya anajua wakati wa kumtazama mikono. Katikati ya kipande fundo hufuata fundo na mazungumzo yanaendelea. Ikifika pale kipande cha macho mapana kinapokutana na mfuko wa macho madogo, mzee ananyamaza. Anahesabu: jicho moja la huku lishike macho mawili ya kule, uzi usilegee, uzi usivute. Akikosea hapo, samaki wamepata mlango.

Wahandisi nao wana wavu wao. Ukitaka kujua kama ukuta wa bwawa, bawa la ndege au mfupa wa paja utahimili mzigo, unaugawa kwa hesabu kuwa vipande vidogo, pembetatu au pembenne, unavifunga kwa mafundo kwenye pembe zake, kisha kompyuta inatatua milinganyo ya jinsi kila fundo litakavyosogea. Vipande hivyo ndivyo elementi, na mbinu yenyewe ni ya elementi finiti. Jina hilo alilitoa Ray Clough mwaka 1960, miaka minne baada ya yeye na wenzake Turner, Martin na Topp kuchapisha kazi iliyozaliwa kwenye hesabu za ndege. Elementi inayoshonea macho mapana na macho madogo huitwa elementi ya mpito. Mwanafunzi wa kemia asikimbilie jedwali lake: chuma na shaba leo tumewapa likizo.

Kwa nini tunahitaji macho ya ukubwa tofauti kwenye wavu mmoja? Chukua bamba la mita moja kwa mita moja, lenye tundu la duara la kipenyo cha sentimita 2 katikati, kisha livute kwa pande mbili zinazotazamana. Gustav Kirsch alitatua swali hili mwaka 1898 kwa bamba lisilo na mwisho, na letu ni pana kiasi kwamba jibu lake linatufaa: kwenye pointi mbili za ukingo wa tundu zilizo ubavuni mwa mvuto, mkazo ni mara 3 ya ule wa mbali. Sasa weka kando ya mojawapo ya pointi hizo elementi yenye upana wa milimita 20. Hata ikisoma bila kosa lolote pale katikati yake, itasoma 1.22, kwa sababu huo ndio mkazo wa kweli milimita 10 kutoka ukingoni. Elementi ya milimita 4 itasoma 2.07. Ya milimita 2, 2.44. Ya milimita 1, 2.69. Ya nusu milimita, 2.83. Yaani ukubwa wa jicho la wavu ndio unaoamua kama utaiona hatari au utaipita na kuisalimia kwa mbali. Lakini ukisogea milimita 40 kutoka ukingoni, mkazo umeshatulia kwenye 1.02. Huko jicho pana linatosha kabisa.

Basi tunavuka vipi kutoka hapa hadi pale? Njia ninazozijua nimezipanga kuanzia ile nisiyotaka kuiona kwenye kazi ya mtu yeyote, hadi ile ninayoipenda kuliko zote. Anayepinga mpangilio huu aje na hoja zake, chai ipo.

9. Kuligeuzia fundo mgongo

Weka mraba mmoja mkubwa ubavuni mwa miwili midogo. Ile midogo inakutana kwenye fundo lililo katikati kabisa ya ukingo wa mkubwa. Mkubwa hana habari nalo. Anazijua pembe zake nne, na ukingo wake utabaki mstari mnyoofu hata bamba livutwe namna gani. Fundo la katikati nalo linasogea linakotaka. Hili ndilo fundo linaloning'inia, na ukiliacha hivyo umelichana bamba ndani ya hesabu huku kwenye mchoro likionekana zima. Mahali pengine pengo linafunguka. Mahali pengine pande mbili zinapandana, chuma kikikaa ndani ya chuma kingine.

Kinachoniumiza ni kwamba milinganyo inatatulika vizuri tu. Picha inatoka na rangi zake zote, nyekundu kwenye hatari na buluu kwenye utulivu, na mwanafunzi anaibandika kwenye ripoti. Nyumba ina mlango ambao mwenye nyumba hakuujenga, na yeye anahangaika na kufuli la mbele!

8. Kusaga bamba zima

Milimita 1 kila mahali. Tusipolihesabu tundu, elementi 1,000,000, mafundo 1,002,001, na kwa kuwa kila fundo linasogea kwa njia mbili, visivyojulikana 2,004,002. Kompyuta nzuri ya mezani itamaliza. Kisha mteja anakuletea kizuizi cha mita moja kila upande, wala si bamba tena, na elementi zinakuwa bilioni moja.

Ni kupepeta gunia zima la mchele kwa ajili ya chuya moja ambayo umeshaiona.

7. Pembetatu za kuziba

Pembetatu na pembenne ni watani wa jadi, na kila upande una mashabiki wasiosikia la mtu. Wa pembetatu wana neno moja zuri sana: pembetatu huziba popote. Fundo likining'inia kwenye ukingo wa pembetatu kubwa, chora mstari kutoka kwenye fundo hilo hadi pembe iliyo mbele yake, na tayari una pembetatu mbili zisizo na tatizo. Kwenye mtindo uliotangazwa na Randolph Bank na wenzake, pembetatu inayogawanywa mara nne kwa sababu usahihi unahitajika huitwa nyekundu, na ile inayokatwa mara mbili kwa ajili ya kuziba tu huitwa kijani.

Nyekundu wanne wanafanana na mama yao kwa umbo. Kijani hawafanani. Pembe imekatwa vipande viwili, na ukimkata kijani tena na tena unapata pembetatu nyembamba kama mfupa wa dagaa, ambazo hesabu yake ni mbovu. Ndiyo maana desturi ni kuwaondoa kijani wote kabla ya raundi inayofuata ya kugawanya, kisha kuwapanga upya. María-Cecilia Rivara wa Chile alikuja mwaka 1984 na dawa nyingine: kata siku zote kuanzia upande mrefu kuliko yote. Kwa kanuni hiyo fupi, pembe hazinyauki hata ukikata mara elfu.

Kwa nini basi wako wa saba? Kwa sababu pembetatu ya mafundo matatu ina mkazo mmoja tu mwili mzima, kakamavu kuliko kitu chenyewe. Ukiingiza mkanda wao katikati ya pembenne, umeweka wagumu mahali ambapo ulitaka ulaini. Mashabiki wa pembetatu, nimewasikia. Namba saba si fedheha.

6. Kiraka cha pembenne tupu

Chini vipande vitatu, juu kimoja, kushoto na kulia kingo zisizogawanywa. Weka mafundo mawili ndani, yaunganishe, na umepata pembenne nne bila fundo hata moja linaloning'inia. Kwenye karatasi kinapendeza mno. Ila pembenne za pembeni zimelala upande kama mashua iliyokwama maji yakitoka, na ukikifanya kiraka hiki ndani ya michemraba, kona za mkanda zitakutoa jasho.

5. Kulifunga fundo kwa mlinganyo

Hapa heshima inaanza. Fundo linaloning'inia linaandikiwa sheria: msogeo wako ni nusu ya jumla ya misogeo ya pembe mbili zinazoushika ukingo. Basi. Fundo linabaki kwenye mstari, pengo linafungwa, na milinganyo inapungua badala ya kuongezeka. Kwa elementi za kwadratiki, ambazo ukingo wake una fundo la katikati na unaweza kupinda, fundo lililo kwenye robo linaandikiwa 3/8 ya pembe ya karibu, jumlisha 3/4 ya fundo la katikati, toa 1/8 ya pembe ya mbali. Fanya hesabu: jumla ni 1. Ni lazima iwe 1, maana bamba zima likisukumwa pamoja hakuna fundo linaloruhusiwa kubaki nyuma.

Maktaba huria ya deal.II, inayotumiwa na watafiti wa nchi nyingi, imejengwa juu ya wazo hili. Pamoja nalo inakuja kanuni ya ujirani: majirani wasipishane zaidi ya ngazi moja ya mgawanyo, mmoja kwa wawili, basi. Fundo lisining'inie kwenye fundo ambalo nalo linaning'inia. Mdaiwa hawezi kumdhamini mdaiwa mwenzake.

Nina neno moja tu na njia hii. Elementi ndogo iliitwa kwa sababu macho yake ni makali, na kwenye mshono inaambiwa ione kama anavyoona mkubwa. Pale fundo la katikati lilipotaka kupanda kidogo kuifuata nyenzo yenyewe, sheria inalivuta chini kwenye mstari mnyoofu. Mshono haupasuki, ila umekaza.

4. Mota

Mota ile ile ya fundi mwashi, inayokaa kati ya tofali na tofali. Bernardi, Maday na Patera ndio walioipa mbinu hii jina hilo. Nyavu mbili zimefumwa na watu wawili bila kushauriana: huku macho 7, kule 11, na hakuna fundo linalokutana na jingine. Mota haidai yakutane. Inadai pande mbili zikubaliane kwa wastani uliopimwa vizuri, kwa intigrali inayotembea kwenye mshono wote.

Kwa kazi za makundi, bawa likifumwa mji mmoja na kiwiliwili mji mwingine, hakuna msaada mkubwa kuliko huu. Lakini ukiitumia pamoja na vizidishi vya Lagrange, visivyojulikana vya ziada vinavyolazimisha makubaliano hayo, matriksi inapata sifuri kwenye ulalo wake, na vizidishi vyenyewe vinahitaji kuchaguliwa kwa makini, la sivyo jibu linayumba. Mota nzuri, fundi awe mzuri pia.

Kabla ya tatu bora: safari ya Stavanger

Tarehe 23 Agosti 1991, katika ghuba ya Gandsfjorden karibu na Stavanger, Norway, msingi wa zege wa jukwaa la gesi la Sleipner A ulikuwa ukizamishwa pole pole ili ujaribiwe kabla ya kuvikwa sitaha yake. Ulikuwa na seli 24 za zege zilizobanana. Pale seli tatu zilipogusana palibaki nafasi ndogo ya pembetatu, wazi kwa maji ya bahari, na kuta zake zilisukumwa kwa nguvu iliyoongezeka kwa kila mita ya kushuka. Ukuta mmoja ulipasuka. Maji yaliingia kuliko pampu zilivyoweza kutoa, watu wakaondolewa wote wakiwa salama, na msingi ule ukaenda chini na kusagika kwa kishindo kilichosajiliwa kama tetemeko la ukubwa wa 3.0. Hasara ilikadiriwa kuwa dola milioni 700.

Uchunguzi ulirudi kwenye wavu. Kwenye kuta zile za pembetatu macho yalikuwa mapana na yamepindwa, na mkazo wa kukata ukuta ulikadiriwa pungufu kwa asilimia 47. Nondo zilipangwa kwa kuiamini hesabu hiyo. Baadaye hesabu makini zaidi ilifanywa juu ya muundo ule ule, ikasema ukuta utashindwa kwenye kina cha mita 62. Ulishindwa kwenye mita 65.

Sijawahi kuisoma habari hii bila kuweka kalamu chini kidogo. Mita tatu! Mbinu ilikuwa na uwezo wa kuona. Kilichokosekana ni macho madogo mahali palipoyahitaji, kona ndogo kabisa ndani ya jengo kubwa kabisa, ambayo mtu angeipita haraka kwa sababu ni ndogo. Ndiyo sababu orodha hii ninaichukulia kwa moyo wote, na ndiyo sababu tatu zinazobaki nazitolea jasho zaidi.

3. Mwite kwa jina lake: pembetano

Mraba wenye fundo la ziada kwenye ukingo mmoja una mafundo matano. Chenye mafundo matano ni pembetano. Basi mwite pembetano, pembe yake moja ikiwa na nyuzi 180. Wazo jepesi namna hii, na bado lilihitaji miaka mingi.

Eugene Wachspress alishatoa mwaka 1975 fomula za umbo kwa pembe nyingi, fomula za sehemu, juu kuna polinomia na chini kuna polinomia. Lakini zake zinadai kila pembe iwe pembe kweli. Pembe ikinyooka hadi nyuzi 180, fomula inakwama, na fundo letu limenyooka kabisa. Mwaka 2003 Michael Floater akaleta nyingine, inayojengwa kwa tanjenti za nusu ya pembe zinazoonekana kutoka ndani, na hiyo haitishwi na pembe iliyonyooka wala iliyoingia ndani. Sukumar na Tabarraei wakaonyesha jinsi nyavu zilizogawanywa mraba ndani ya mraba zinavyoweza kuhesabiwa kwa mtazamo huu wa pembe nyingi, mshono ukikubaliana urefu wake wote. Chongmin Song na John Wolf wakapita njia ya jirani: simama kituoni mwa kipande, tazama kingo zote, ziwe nne, tano au nane, kila moja ina haki sawa.

Napenda adabu ya njia hii. Haina mgeni. Kila fundo linalobisha hodi ni la nyumbani. Gharama yake ni kwamba fomula za sehemu hazijumlishiki kwa usahihi kamili kwa pointi chache za Gauss, zile ambako kompyuta husomea fomula inapojumlisha, hivyo unaweka pointi nyingi, na kompyuta inakula muda. Ukarimu una bei, mwenye nyumba anajua.

2. Fundo linalohama nyumba

Wahenga walituonya kuhusu ufa na ukuta. Mhandisi wa nyufa anaongeza swali: umbali gani kutoka kwenye ncha?

Kwenye ncha ya ufa mkazo unapanda kwa kinyume cha kipeuo cha pili cha umbali, na hakuna wavu wa kawaida unaoufikia, hata ukisaga milimita kuwa vumbi. Mwaka 1975 Henshell na Shaw, na mwaka uliofuata Barsoum, bila kutegemeana, waligundua jambo ambalo bado linanishangaza. Chukua elementi ya kwadratiki iliyogusa ncha. Kwenye kila ukingo unaogusa ncha, toa fundo la katikati kwenye nusu, lisogeze hadi robo, upande wa ncha. Umemaliza. Hakuna fomula mpya, hakuna programu mpya. Elementi yenyewe, kwa kuhamishwa mafundo hayo tu, inaanza kuimba kwa kipeuo cha pili. Wengine hujenga ghorofa nzima kutafuta mandhari. Hawa walisogeza kiti tu.

Ila jirani wa elementi hii alibaki na wimbo wa zamani. Anaanza pale mwenzake anapoishia, na mkazo bado unashuka kwa mtindo ule ule wa kipeuo, yeye hana habari. Mwaka 1978 Lynn na Ingraffea wakamtungia elementi ya mpito. Ukiuita urefu wa elementi ya ncha 1, na jirani akiishia kwenye umbali L kutoka kwenye ncha, fundo lake la katikati liwekwe kwenye L jumlisha mara mbili ya kipeuo cha pili cha L jumlisha 1, yote igawanywe kwa 4. Jaribu na L ya 4. Kipeuo chake ni 2, hivyo 4 na 4 na 1 ni 9, gawa kwa 4: 2.25. Katikati ya kawaida ingekuwa 2.5. Na usiiamini fomula kabla ya kujua ilikotoka: kipeuo cha 1 ni 1, kipeuo cha 4 ni 2, katikati yao ni 1.5, na 1.5 mara 1.5 ni 2.25. Fundo limekaa katikati kweli, ila ni katikati ya vipeuo, mahali ambapo ufa hupimia mambo yake.

Elementi ikiwa fupi ukilinganisha na umbali wake kutoka kwenye ncha, fundo linarudi karibu na nusu ya kawaida. Kadiri unavyokwenda mbali, wimbo wa ufa unafifia na kila mtu anarudi kwenye lahaja yake. Hii ingekuwa namba moja kama nyufa zingekuwa kila mahali.

1. Fundo la tano la Gupta

Rudi kwenye mraba mkubwa na midogo miwili ya namba 9. Tunataka mkubwa alijue fundo la katikati, kwa heshima zote, na akubaliane na midogo kwenye ukingo mzima.

Jaribio la kwanza ambalo kila mmoja hulifanya ni parabola. Mpe mkubwa fomula ya tano, nusu ya (1 − ξ²) mara (1 − η), ambapo ξ inatembea kando ya ukingo kutoka −1 hadi 1, na η ni −1 kwenye ukingo wetu. Kwenye fundo la katikati fomula inatoa 1, kwenye pembe inatoa 0, na mtu anashangilia. Mapema mno. Tembea hadi robo ya ukingo: parabola inatoa 0.75, ilhali elementi ndogo, ambayo ukingo wake ni mstari mnyoofu, inatoa 0.5. Wamekubaliana kwenye mafundo matatu na wamekosana kote katikati. Ni fundi cherehani aliyebana kitambaa kwa pini tatu na kuacha kilichobaki kifure.

A. K. Gupta, katika makala yake ya mwaka 1978, alifuta mraba wa ξ na kuweka thamani yake kamili: nusu ya (1 − |ξ|) mara (1 − η). Herufi zile zile, mistari miwili midogo ya wima. Sasa ukingo wa mkubwa si mkunjo tena. Ni mistari miwili iliyonyooka inayokutana kwenye fundo la katikati, kama paa la nyumba. Kwenye robo inatoa 0.5, na jirani mdogo anatoa 0.5, na kwenye kila pointi nyingine ya mshono hadithi ni hiyo hiyo. Fomula za pembe mbili za ukingo ule zinapunguzwa kila moja nusu ya fomula ya tano, ili jumla ya zote ibaki 1. Mkubwa amejifunza kupinda mahali mdogo anapopinda, na mdogo hakuvutwa chini kama kwenye namba 5. Kila nikikitazama kitendo hiki naona mikono ya yule mvuvi: jicho moja la huku, mawili ya kule, uzi haukulegea, uzi haukuvuta.

Kuna sharti la kulipwa ndani. Mstari wa paa unaendelea kupita katikati ya elementi, na mkazo unaruka unapouvuka. Ukijumlisha kwa pointi 4 za Gauss za kawaida kana kwamba elementi ni laini kote, jumla itakuwa si sahihi. Gawa elementi nusu mbili, kila nusu ipewe pointi zake 4. Mafundo yakiwa kwenye kingo zinazopakana, gawa robo nne, pointi 16. Na ukisoma mkazo, usome ndani ya kila nusu. Usisome kwenye mstari wa paa, kwa sababu pale kuna majibu mawili na kila moja lina wakili wake.

Ni elementi ngapi za namna hii zinahitajika? Mraba una kingo nne, kila moja ina fundo la ziada au haina: njia 16. Zizungushe, na zinazobaki tofauti kweli ni 6 tu. Sita! Mtu anaziandika jioni moja. Mchemraba ni habari nyingine: pembe 8, kingo 12, nyuso 6, hivyo mafundo hadi 26, na michanganyiko inayomfanya mtu aagize kahawa ya pili. Ndiyo maana baada ya Gupta walikuja wengi kuendeleza: Chang-Koon Choi na wenzake wa Korea Kusini walizitengenezea mabamba yanayopinda, na wengine wakaingia kwenye michemraba.

Mambo mawili ya kuangalia kabla hujaitumia. La kwanza ni jaribio la kiraka, tulilorithi kwa Bruce Irons: fuma wavu mdogo wenye elementi hizi ndani yake, uvute kwa mkazo sawa kila mahali, na kila pointi isome namba ile ile. Ikitofautiana hata kidogo kuliko usahihi wa kompyuta, rudi kwenye fomula, kuna alama umeikosea. La pili linawahusu wanaohesabu mawimbi, ya tetemeko au ya nyundo. Wimbi linalosafiri kutoka macho madogo kwenda macho mapana hurudisha sehemu yake nyuma kwenye mshono, mwangwi ambao kwenye nyenzo halisi haupo. Mshono mzuri kuliko yote hauondoi hilo. Panua macho taratibu, na uweke mshono mbali na unachokipima.

Kwa bamba letu la tundu, mimi huanza na milimita 1, zikiwa zimepindwa kidogo kuufuata mduara, hadi milimita 10 kutoka ukingoni, ambako mkazo wa Kirsch umeshashuka hadi 1.22. Hapo unakuja mshono wa kwanza, tunaingia milimita 2. Milimita 20 kutoka ukingoni mkazo ni 1.07, mshono wa pili, milimita 4. Milimita 40, ni 1.02, mshono wa tatu. Kisha 8, 16, 32: hatua tano kwa jumla kutoka jicho dogo hadi jicho pana, na kila mshono umepita mahali palipotulia. Kwanza bamba bila tundu, kila pointi isome 1. Kisha weka tundu, endesha hesabu, fungua jicho la kwanza kabisa kando ya mojawapo ya pointi zile mbili za ukingo na usome katikati yake. Ikitoka karibu na 2.69, mpigie simu uliyemwahidi matokeo. Tatu yenyewe iko nusu milimita mbele, pale chuma kinapoishia.